Mpira na Ugonjwa wa Kupooza

Wako wazee wasemao kwamba mpira ni kazi ya wavivu. Sisi twaona sivyo. Mwaka 1996 ugonjwa wa polio uliwapoozesha watoto wapatao 75,000 wa bara letu. Ndipo Nelson Mandela na chama cha Rotary walipotoa mwito polio ipigwe teke itoke Afrika, na wachezaji wa mpira wakausaidia. Fedha za wahisani hununua matone, lakini hazifungui mlango wa mama mwenye hofu. Mchezaji apendwaye aweza kuufungua. Na ni nani ajuaye thamani ya mguu kuliko yeye? Tarehe 25 Agosti 2020 ilitangazwa kwamba kirusi cha asili kimekwisha Afrika. Miguu iliyokwisha kupooza haikurudi. Tena mwaka 2022 mtoto mmoja wa Malawi akaonekana nacho, kimetoka upande wa Pakistan, hata Tanzania watoto wakatiwa matone upya, nyumba kwa nyumba.