Vidole vya Kukaanga, Bila Nyekundu

Jamani, mnaouliza kama ni kweli tulipika vidole vya watu hapa Kakuma: ndiyo, tulipika, na viliisha kabla filamu haijafika nusu.

Tulitaka usiku wa filamu ya kutisha, mwisho wa Oktoba, wakati ule Wamarekani wanavaa kama mizimu. Tukachagua Night of the Living Dead ya George Romero, ya 1968. Filamu hiyo hailipiwi. Walioisambaza waliibadilisha jina wakasahau kurudisha alama ya haki miliki, basi ikawa ya watu wote. Na sisi hela ya kulipia tungetoa wapi? Hata unga tulichangishana, kila mtu kikombe kimoja.

Mama jirani alitukuta tunakanda. "Wanangu, mgao umepunguzwa, nyinyi mnachezea unga?"

Hatukuwa na jibu la maana. Tulimwambia tu, mama, hakuna kitakachotupwa. Akatikisa kichwa, akavuta kiti akakaa.

Kosa letu la kwanza lilikuwa hamira. Tulikata donge la mandazi vipande virefu, tukatia kwenye mafuta, vikavimba. Mama akainua kimoja: "Hiki ni kidole au ni goti?" Tulicheka mpaka jiko likataka kuzima. Ni yeye aliyetuonyesha: unga, sukari, chumvi kidogo, mafuta kijiko, maji ya moto, hamira usitie kabisa. Unasokota nyembamba, unabonyeza viungo kwa mgongo wa kisu. Ukucha ni nusu ya karanga. Lowesha ncha kwa maji kwanza, la sivyo kucha zote zitabaki ndani ya mafuta. Zetu nyingi zilibaki.

Macho yalikuwa mayai 6 ya kuchemsha, kila moja limekatwa mara mbili, na haragwe jeusi katikati. (Sisi tuliotoka Kongo tulisema ndagala wangetosha, wana macho yao tayari.)

Halafu mmoja wetu akatoa chupa ya sosi ya nyanya, ati ndiyo damu. Dada mmoja wa kikundi, aliyekuwa anakata mayai, aliweka kisu chini. Alisema polepole, "Vidole sawa. Nyekundu hapana."

Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Wengi wetu hatukuhitaji kuuliza. Chupa ilirudi kwenye mfuko. Tuliona aibu, maana kwenye kupanga kote tulikuwa tumewaza watoto wataogopa nini, hatukuwaza kuhusu wapishi. Nyinyi mnaoandaa shughuli na vijana, hilo tunawaachia, sisi tulilisahau.

Kumbe filamu yenyewe haina nyekundu. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, na damu yao ilikuwa sharubati ya chokoleti. Basi tukachemsha kakao na sukari mpaka ikawa nzito. Yule dada ndiye aliyeikoroga.

Usiku, mmoja wetu alitafsiri kwa sauti kama wale ma-DJ wa sinema. Maiti walipotembea polepole, watoto walicheka, wakaiga mwendo wao. Lakini walio ndani ya nyumba walipoanza kupigilia mbao madirishani, watu wakanyamaza. Hata mtafsiri alinyamaza. Tulisikia nyundo tu, na jenereta.

Baadaye televisheni yao ikaanza kutangaza vituo vya kukimbilia, majina yanapita chini ya kioo. Sauti ikatoka nyuma: "Hata wao wanatafuta kambi!" Hapo uwanja mzima ulicheka. Yule dada alicheka na kakao mdomoni, akaomba kidole kingine, vilikuwa vimekwisha.

Vile vinene vya hamira mama jirani alivifunga kwenye kitenge chake, vya wajukuu. Akatuambia tukipika tena tumwite mapema, kabla hatujagusa unga.