Usiku wa Bure Ulilipiwa na Nani?

Katika safari yangu ya London, mwanafunzi wangu wa zamani afanyaye kazi huko alinikirimu kwa kunilaza siku mbili katika hoteli kubwa. Hakutoa hata senti; alilipa kwa pointi. Pointi ni tunzo apewayo mteja wa kudumu: kila alipapo chumba huandikiwa hesabu, na hesabu ikitimia hulala bila ya kulipa. Mahoteli ya Marekani, kama Holiday Inn na Marriott, yalianza mtindo huu mwaka 1983.

Nikamwuliza, "Mwanangu, vyumba vilivyokupatia pointi hizi alilipia nani?"

"Mwajiri wangu, Maalim, naye ameturuhusu kuzitumia."

Hapo nikalala kwa raha.

Ndugu msomaji, swali hili si dogo. Mtume wetu (s.a.w.) alimtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi akagawa: hiki chenu, na hiki nimepewa mimi hidaya. Mtume akakasirika, akauliza: lau angeketi nyumbani kwa wazazi wake, hidaya hiyo ingemfikia? Na huko Ujerumani, mwaka 2002, wanasiasa Cem Özdemir na Gregor Gysi waliacha nyadhifa zao kwa kutumia katika safari zao wenyewe pointi za ndege walizozipata katika kazi ya umma.

Basi wewe usafiriye kwa fedha za msikiti, madrasa au chama, usiseme, "Hoteli imenipa mimi." Imekupa kwa mali ya nani? Waulize wenyewe. Wakikuruhusu, ni halali yako. Wakikataa, zitumie katika safari yao nyingine, uwapunguzie gharama. Mwenyezi Mungu atujaalie kuchunga amana, ndogo na kubwa. Amin.