Uvira: mzee wa Kalundu aliyepunguza uzito wa kubadilisha maji ya samaki wake

Upande wa Kalundu, karibu na bandari ya Uvira, jimbo la Kivu Kusini, kuna nyumba moja ambayo watoto wa mtaa hupenda kuchungulia dirishani. Ndani ya sebule kuna akwariamu, yaani kioo kikubwa cha kufugia samaki. Kina urefu wa mita 2, upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 60. Mwenye nyumba, fundi wa mitumbwi aliyeacha kazi kwa sababu ya umri, anakijaza maji hadi sentimita 50. Hizo ni lita 600, sawa na bidoni 30 za lita 20.

Samaki wote walio ndani ni wa ziwa Tanganyika. Mmoja ni mwembamba, mweusi mwenye madoa ya rangi nyepesi, na hujificha katikati ya mawe. Wataalamu wanamwita Julidochromis marlieri, kwa kumkumbuka Georges Marlier, mtafiti aliyefanya kazi hapa Uvira wakati wa Wabelgiji. Samaki wa namna hii hufugwa majumbani hadi Ulaya na Marekani. Uvira wanapotoka, watu wengi hawajawahi kuwaona, maana hawaendi sokoni pamoja na ndagala na mukeke.

Mwaka uliopita mzee alikaribia kuwarudisha wote ziwani. Si kwamba aliwachoka. Mgongo ndio uliomshinda.

Samaki wakiwa ndani ya kioo, uchafu wao hauna pa kwenda. Mavi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Vijidudu vizuri vinavyoishi kwenye mawe na kwenye chujio huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Nitrati haina ukali kama amonia, lakini inazidi kujikusanya wiki kwa wiki. Njia rahisi ya kuipunguza ni kutoa sehemu ya maji na kuweka mengine. Tena maji ya Tanganyika yana asili ya magadi, na katika maji ya namna hiyo amonia inakuwa kali zaidi. Kwa hiyo kuahirisha kazi mwezi mzima hakufai. Kubadilisha maji yote kwa siku moja nako hakufai, kwa kuwa samaki hushtuka. Dawa ni kidogo kidogo, kila wiki.

Zamani mzee alikuwa anachota maji ya zamani kwa kopo, anajaza beseni, anavuka nalo sebule hadi nje. Halafu ananyanyua bidoni za maji mapya hadi juu ya kioo. Bidoni moja iliyojaa ina kilo 20. Kazi ilikula nusu ya siku, sakafu ikawa matope, na usiku alilala kifudifudi. Daktari alimwambia aache kunyanyua vitu vizito. Mke wake akasema wazi kwamba binti zao hawatabeba mzigo huo mahali pake.

Mzee alikaa akafikiri kama fundi. Maji yenyewe hushuka bila kusukumwa. Basi kazi ya mtu ni kuyatengenezea njia tu.

Kwanza alibandika vipande viwili vya utepe kwenye kioo: kimoja mahali maji yanapofika yakijaa, kingine sentimita 10 chini yake. Kwa kioo chake, sentimita 10 ni lita 120, yaani bidoni 6 kamili. Hana haja ya kuhesabu tena. Maji yakishuka hadi utepe wa chini, anafunga.

Pili alinunua mpira mrefu wa maji. Ncha moja inaingia kwenye kioo, ikiwa imefungwa kipande cha chandarua ili samaki wadogo wasivutwe. Ncha ya pili inapita dirishani hadi bustanini, chini kuliko kioo. Watu wengi huanzisha maji kwa kuvuta mpira kwa mdomo. Mzee alikataza jambo hilo nyumbani kwake, kwa kuwa Uvira inajulikana kwa ugonjwa wa kipindupindu, na maji ya ziwa yasiyotiwa dawa hayapaswi kufika kinywani. Yeye anaujaza mpira maji kwanza, anaziba ncha zote mbili kwa vizibo vya mbao alivyochonga mwenyewe, anaweka kila ncha mahali pake, kisha anazibua, akianza na ile ya ndani ya kioo. Maji yanakwenda yenyewe. Umeme ukikatika, kazi haisimami.

Tatu ni pipa la lita 200. Parseli yake iko kwenye mteremko. Nyuma ya nyumba, chini ya ukingo wa njia, alichimba akasawazisha udongo, akaliweka pipa hapo. Sehemu yake ya chini iko juu kuliko kioo cha sebuleni, na mdomo wake unafika kwenye goti la mtu aliyesimama njiani. Kijana wa baiskeli anayeleta maji kutoka ziwani anamimina kutoka njiani, bila kunyanyua bidoni hadi kifuani. Chini ya pipa kuna robine. Ijumaa maji yanaingia, yanalala usiku mzima chini ya chandarua, mchanga unatua, na joto lake linalingana na la nyumbani. Jumamosi mzee anaunga mpira kwenye robine na kufungua taratibu. Chini ya ncha ya mpira ameweka sahani ili maji yasichimbue changarawe. Tangu kutoa hadi kujaza, kazi haifiki saa moja. Hata hivyo hatoki sebuleni mpaka robine ifungwe.

Katika parseli hiyo inaishi pia familia iliyokimbia vita kutoka Hauts-Plateaux. Ni mama na watoto wanne, waliopewa chumba cha nyuma. Siku moja kijana wa baiskeli hakuja. Binti mkubwa wa yule mama, mwenye miaka 13, akajitolea kwenda ziwani kusaidia. Kandoni mwa ziwa kulikuwa na watu wanaotia klore ndani ya kila bidoni, kama inavyofanyika wakati wa kipindupindu. Binti alipanga foleni, akatiliwa dawa, akapanda mlima, akamimina ndani ya pipa. Maji yakafunguliwa saa ile ile.

Baada ya muda mfupi samaki walipanda juu wakihema. Kufika jioni 9 walikuwa wamekufa.

Binti alilia, na mama yake alianza kukusanya vyombo, akidhani wamekwisha kufukuzwa. Mzee alimzuia.

“Mama, kaa chini. Mutoto hana kosa. Dawa hiyo inaua samaki, lakini ndiyo inayowaponya watoto wako.”

Halafu akasema jambo ambalo lilimtisha kuliko samaki waliokufa. Kama bidoni ya watu inaweza kuingia kwa samaki, basi bidoni ya samaki inaweza kuingia kwa watu. Maji ya pipa lile hayana dawa. Mtoto mwenye kiu akifungua ile robine, anakunywa ziwa lilivyo.

Tangu siku hiyo, bidoni za samaki zimefungwa kitambaa chekundu, na robine ya pipa ina kufuli. Bidoni za kunywa hazina kitambaa, zinakaa ndani ya nyumba, na kila moja lazima itiwe klore. Watoto wote wa parseli, hata mdogo wa miaka 4, wanajua kwamba chekundu si cha kunywa. Kukiwa hakuna maji mengine isipokuwa yenye klore, kama yale ya Regideso, mzee anayaacha wazi siku mbili, yanapigwa jua na kukorogwa mara kwa mara, ndipo yanapoingia kwa samaki.

Wako majirani walionung’unika: watu wanapanga foleni ya maji, na huyu anawabadilishia samaki! Mzee hakubishana. Aliwaonyesha kwamba hachukui hata tone kwenye robine ya mtaa, kisha akawaonyesha bustani. Lita 120 zinazotoka kwenye kioo kila Jumamosi zina mbolea ndani yake, na zote zinaishia kwenye lengalenga na matembele. Mama wa chumba cha nyuma ndiye anayeilima bustani hiyo. Mboga zinapikwa vizuri, hazilwi mbichi, kwa kuwa zimemwagiwa maji yasiyo na dawa. Nyumba mbili zinakula hapo, na zinazobaki mama huyo anaziuza na kuweka pesa mwenyewe.

Kazi bado ina gharama. Kijana wa baiskeli analipwa kila Ijumaa. Lazima achote mbali na bandari, mahali ambapo mafuta ya mashua hayafiki. Chujio nalo husuguliwa kwa maji yaliyotolewa kwenye kioo, kamwe si kwa maji yenye klore, la sivyo vile vijidudu vizuri vinakufa.

Asiye na samaki pia ana cha kuchukua hapa. Familia inayokaa kwenye kambi au kwa ndugu inaweza kuweka chombo cha maji ya kunywa juu ya matofali, chenye kifuniko na robine, ili kila mtu akinge kikombe chini badala ya kutumbukiza mkono ndani. Na kila chombo kiwe na alama ambayo hata mtoto asiyejua kusoma ataielewa. Kipande cha kitambaa kinatosha.