Bolti Iliyokataa Kufunguka

Ndugu msomaji, ikiwa wewe ni mmoja wa wale wanaolihudumia gari lao wenyewe uani siku ya Jumamosi, bila shaka umekwisha kutambua kwamba kubadilisha pedi za breki si kazi ngumu. Pedi zenyewe hutoka kwa vidole. Kinachomaliza siku nzima ni bolti moja, yenye kichwa kisichozidi ncha ya kidole gumba, ambayo imekaa mahali pake miaka minne au mitano na haina nia ya kuondoka.

Sisi tuishio Kibeta tunazo sababu zetu za kuijua taabu hiyo. Mji wa Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ilhali Dodoma kwa kawaida haifikii 600. Udongo wetu mwekundu ukichanganyika na maji hurushwa na magurudumu ukaganda nyuma ya breki, na huko hutunza unyevu hata siku ya jua kali. Chuma kikishikwa na kutu, kutu hiyo hutaka nafasi kubwa zaidi kuliko chuma ilichokila. Na kwa kuwa ndani ya uzi wa bolti hakuna nafasi ya ziada, hujibana humo kama kabari. Ndiyo maana bolti iliyokazwa na mkono wa mtu mmoja huja kuwashinda watu wawili. Gari lililozeekea Dodoma na lililozeekea hapa si ndugu, hata kama yalitoka kiwandani siku moja.

Katika gari dogo la kawaida, breki za mbele zina kile chuma kinachozikumbatia pedi na kuzibana kwenye sahani inayozunguka; mafundi hukiita kalipa. Kalipa hushikwa na bolti mbili ndogo, na fremu yake hushikwa na bolti mbili kubwa upande wa nyuma wa gurudumu. Za kwanza aghalabu hulegea. Za pili ndizo zenye kiburi.

Kabla ya yote, tafuta mahali palipo tambarare, jambo ambalo huku kwetu milimani si rahisi kulipata. Legeza nati za gurudumu wakati tairi lingali chini. Ziba magurudumu mengine kwa mawe mbele na nyuma, pandisha jeki, kisha weka stendi imara chini ya gari, na lile gurudumu ulilolivua ulilaze chini ya ubavu wa gari. Usiitegemee jeki peke yake, maana bolti iliyogoma itakufanya uvute na kusukuma kwa nguvu zote, na gari lililosimama juu ya jeki tupu halivumilii mchezo huo.

Sasa piga brashi ya waya, utoe udongo wote mpaka uone mahali bolti inapoingilia. Tia mafuta ya kulegeza kutu. Mwenye kopo la dukani atumie hilo; asiye nalo hutumia mafuta ya taa au dizeli, ambayo hupenya polepole lakini hupenya. Hapo ndipo watu wengi hukosa subira. Hutia mafuta, huvuta sigara moja, kisha hurukia spana. Mimi hutia Ijumaa jioni, narudia kabla ya kulala, narudia tena alfajiri. Yaangalie tu yasigusie sahani wala pedi utakazozirudisha. Pedi iliyokunywa mafuta ni ya kutupa.

Tumia boksi spana yenye pembe sita, si ile ya pembe kumi na mbili, kwa sababu ya pembe sita hushika ubapa wa kichwa na haikili pembe zake. Spana ya mdomo wazi iache kabisa. Gonga kichwa cha bolti kwa nyundo mara kumi au ishirini, kwa kiasi, ili mtikisiko uvunje kutu ndani. Kisha, na hili huwashangaza wengi, jaribu kwanza kukaza kidogo sana, kama upana wa unywele. Bolti ikijongea upande wowote ule, kutu imekwisha kukatika, nawe utaendelea kwa kuirudisha mbele na nyuma huku ukiongeza mafuta. Kumbuka pia kwamba unaitazama kwa nyuma na pengine umelala chali. Nimewaona watu wazima, wenye akili zao, wakikaza kwa nguvu zote huku wakiamini wanafungua. Fikiri kana kwamba umekitazama kichwa cha bolti uso kwa uso, ndipo uamue upande wa kulegeza.

Wengine hupendekeza moto. Fundi mwenye karakana hutumia moto na hufaulu, kwa sababu chuma cha nje hutanuka na kuiachia bolti. Lakini uani kwako, ambako umekwisha kumwaga mafuta ya taa, na kuna mpira wa breki karibu, na watoto wanachungulia, moto haufai hata kidogo.

Mwaka mmoja tulitakiwa Muleba Jumapili saa nne asubuhi, kwenye kikao cha ukoo wa mke wangu. Mkungu wa ndizi ulikuwa umekwisha kuwekwa tayari mlangoni. Jumamosi hiyo shemeji yangu alikuja kunisaidia. Bolti ya juu ya kulia ilikuwa imekataa tangu asubuhi. Mimi nilitaka tuiache ilowe hadi jioni, naye akaona tunachelewa. Alichomeka bomba la maji kwenye mkono wa spana akalikanyaga kwa mguu. Ukasikika mlio mmoja mkavu. Kichwa cha bolti kikaanguka, mwili ukabaki ndani.

"Bolti moja inatosha, shemeji," aliniambia. "Tutakwenda polepole."

Mama watoto alikuwa amesimama pale na taa ya mkononi. Hakusema neno, alinitazama tu. Nami naomba, msomaji, ulifikirie jambo lile kama nilivyolifikiria. Unapofunga breki, nguvu yote inayolisimamisha gurudumu hupitia katika bolti zile mbili. Ukiiachia moja mzigo wa mbili, fremu huweza kupinda na kugeuka, bolti iliyobaki ikakatika, na kalipa ikajibamiza ndani ya rimu. Gurudumu la mbele likakwama ghafula, au breki ikakosekana, na ndani ya gari wamo watoto watatu. Tulikwenda kwa basi. Tulifika kikao kikikaribia kufungwa, na wazee hawakulificha walilokuwa nalo moyoni. Jumatatu fundi wa kukereza vyuma mjini aliitoboa ile bolti katikati na kuutoa mwili wake bila kuuharibu uzi, kazi ya muda usiofika saa nzima.

Wazee waliotutangulia katika kazi hii, waliokuwa wakiendesha Peugeot 404 na Land Rover katika miaka iliyofuata vita vya Kagera vya 1978 na 1979, wakati fedha za kigeni zilipokuwa adimu na vipuri havipatikani, walikuwa na kopo la bolti kuukuu ambalo walilithamini kama benki. Siwacheki. Lakini desturi hiyo imebaki hata baada ya sababu yake kuondoka, na bado mtu huirudisha kwenye breki bolti iliyoliwa pembe na kunyooka uzi, huku mpya ipo dukani. Za mlango zirudishe utakavyo. Za breki, nunua.

Neno juu ya vumbi. Pedi na breki shuu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo husababisha saratani, na mtazamaji hawezi kujua kwa macho iliyo nayo na isiyo nayo. Kwa hiyo usilipulize vumbi lile kwa mdomo wala kwa pampu. Lilowanishe kwa maji, ulifute kwa kitambaa, ukitupe kitambaa. Na watoto wakae mbali.

Wakati wa kufunga, safisha uzi kwa brashi, anza kwa vidole mpaka mizunguko mitatu au minne iingie bila kulazimishwa, ndipo ushike spana. Nati za gurudumu za Toyota nyingi ndogo hutakiwa kukazwa kwa niutoni mita 103, yaani sawa na uzito wa kilo ishirini na moja hivi ukining'inia kwenye spana ya nusu mita. Kusimama juu ya spana kwa miguu miwili ni kumwandalia taabu atakayefungua baada yako.

Kisha ingia garini, na kabla hujaliondoa mahali pake kanyaga pedali ya breki mara nyingi, kwani pistoni uliyoirudisha nyuma huifanya pedali ya kwanza izame hadi sakafuni bila kukamata kitu. Ikisimama ngumu chini ya mguu, zunguka hapo hapo kwenye tambarare, mwendo wa mtu atembeaye, ukifunga breki mara tano sita, mkono ukiwa karibu na breki ya mkono. Mteremko wa kwenda ziwani ungoje hadi hapo, nawe uushuke mara ya kwanza ukiwa peke yako.