Wenyeji wa Janjira

Ukienda kusoma Pune, India, msomaji, utazoea kukodolewa macho. Watoto watakufuata sokoni wakitaka kuzigusa nywele zako, hata ujione mgeni kuliko wageni wote. Basi ukipata wikendi isiyo na mtihani, changeni nauli na wenzako mwende Murud, mji mdogo wa pwani kusini mwa Mumbai. Lakini si kati ya Juni na Agosti. Bahari huchafuka na mashua hazivuki.

Sisi tulikuwa wanne. Tulifika hoi kwa vumbi la basi, tukapanda mashua ya tanga pale Rajapuri kuelekea Janjira, ngome ya mawe iliyo katikati ya maji. Lango lake hulioni mpaka uwe karibu kabisa na ukuta. Ndani kuna madimbwi mawili ya maji baridi, ingawa kote ni chumvi, na mizinga mizito imelala juani.

Nahodha alituuliza kwetu ni wapi. Tukamwambia Afrika. Akacheka: "Basi mmefika kwenu!"

Kumbe waliotawala hapo ni Wasidi, watu wenye asili ya Afrika. Shivaji, ambaye sanamu zake zimejaa miji ya Maharashtra, alishindwa kuiteka ngome hiyo. Mwanawe, Sambhaji, alimwaga mawe baharini mwaka 1682 ajenge njia ya kuifikia, naye akarudi mikono mitupu. Wasidi walitawala hadi 1948, dola yao ilipounganishwa na India.

Jumapili jioni, ndani ya basi, abiria walitukodolea macho kama kawaida. Safari hii tuliwapungia mkono.