Umbo la Maji na Uwezo wa Kiswahili

Wapo wadaio kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba kemia. Mimi huwajibu kwa tone la maji. Elektroni za nje zinazoizunguka atomu ya kati huwa jozi jozi, na jozi hizo husukumana hadi zitengane kadiri iwezekanavyo. Katika methani, jozi zote nne zimeunganisha kaboni na haidrojeni. Pembe baina yake ni digrii 109.5. Oksijeni ya maji nayo ina jozi nne, ila mbili tu ndizo zilizoiunganisha na haidrojeni. Mbili zilizosalia, nizipendazo kuziita jozi kapera, hujitanua na kuzibana zile nyingine, pembe ikapungua hadi digrii 104.5. Ndiyo maana molekuli ya maji imepinda. Lau ingenyooka, isingekuwa na ncha za umeme, na maji yasingeyeyusha chumvi kama yafanyavyo.

Gillespie na Nyholm waliieleza kanuni hii kwa Kiingereza mwaka wa 1957. Nami nimeieleza kwa kuazima istilahi chache tu. Kusukumana, kutengana, kubana, kupinda: haya ni yetu tangu jadi. Kilichopungua si msamiati, bali ni nia yetu sisi wanafunzi wa Kiswahili ya kuingia maabarani.