Ukurasa ambao binti hakutaka kuuandika

KILA Jumapili jioni bweni zima lilikuwa na kazi moja: kuandika shajara ya wiki. Binti wa miaka 21, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa stashahada ya uuguzi na ukunga, yake aliimaliza kwa dakika 20, mgongo ukiwa umeegemea ukuta na kikombe cha chai ya rangi kikiwa sakafuni.

Alishaijua kanuni yake. Sentensi ya kwanza ilitaja wodi aliyopangiwa. Ya pili ilitaja alichojifunza, labda kupima shinikizo la damu au kufunga kidonda. Ya mwisho haikubadilika wiki hata wiki: “Nimejifunza umuhimu wa ushirikiano kazini.” Alama saba kwa kumi zilikuja, maisha yakaendelea.

Chuoni kwao mwanafunzi akiwa fildi hospitalini anakabidhi kurasa mbili kila wiki. Hatakiwi kuandika alichofanya peke yake. Anatakiwa kujibu maswali sita: nini kilitokea, ulijisikiaje, nini kilikwenda vizuri na nini vibaya, kwa nini ilikuwa hivyo, ungeweza kufanya nini kingine, na siku nyingine utafanyaje.

Maswali hayo yanatokana na mzunguko uliochorwa mwaka 1988 na mtaalamu wa elimu wa Uingereza, Graham Gibbs, na leo vyuo vingi vya afya duniani vinautumia. Miaka mitano kabla yake, Mmarekani Donald Schön alikuwa ameandika kitabu kuhusu namna watu wenye taaluma wanavyojifunza kwa kuitazama upya kazi waliyoifanya. Hoja yake ni rahisi: kazi nyingi ngumu hazimalizwi na kitabu cha darasani. Anayezifanya ndiye anayepaswa kurudi nyuma na kujiuliza.

Binti yule hakuwa amewahi kuulizwa. Tangu shule ya msingi insha zake zilihusu umuhimu wa maji na faida za misitu. Swali la “ulijisikiaje?” lilimkuta hana jibu. Tena lilitakiwa kujibiwa kwa Kiingereza, lugha ambayo hakuwahi kulilia wala kuombea msamaha. Kwa hiyo aliandika kwamba alijisikia vizuri. Siku mambo yalipokuwa mabaya, aliandika kwamba alijisikia vibaya. Akaishia hapo.

Kanga mbili

Kisha ukaja usiku wa zamu katika wodi ya wazazi.

Sista alikuwa mmoja, wazazi walikuwa wengi. Mapema usiku huo binti alimwita mara mbili kwa mambo madogo, na mara ya pili alijibiwa mbele za watu: “Wewe mwanafunzi, usiniiteite kwa kila kitu. Kaa uangalie.”

Akakaa, akaangalia. Aliachiwa mama aliyekuwa amejifungua kiasi cha saa moja nyuma, huku sista akiwa upande wa pili wa pazia na mwingine aliyekuwa anasukuma. Saa tisa na dakika kumi usiku aliona kanga ya yule mama imelowa damu. Akaibadilisha. Muda si mrefu ya pili nayo ikalowa. Akaibadilisha hiyo pia, akaikunja vizuri na kuiweka chini ya kitanda.

“Mwanangu,” yule mama akasema taratibu, “naona kizunguzungu.”

Hapo ndipo alipokimbia. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini na tano.

Sista alifika, akabonyeza tumbo, akakuta mfuko wa uzazi umelegea. Akaukanda, akachoma sindano ya oksitosini, akaagiza dripu, daktari akaitwa. Damu ikakata. Asubuhi yule mama alikunywa uji na kumnyonyesha mwanawe, na aliporuhusiwa kurudi kwao alimshukuru kila mtu, pamoja na binti yule.

Kuvuja damu baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kubwa zaidi za vifo vya wazazi duniani. Kwa miaka mingi Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikuwa likilihesabu tatizo hilo kuanzia mililita 500 ndani ya saa 24 za kwanza, yaani chupa ndogo ya maji ya kunywa. Mara nyingi chanzo ni mfuko wa uzazi kushindwa kujikaza. Mama aliyekuwa anazungumza vizuri anaweza kuzidiwa ndani ya muda mfupi sana. Dakika 15 si kitu cha kukunja na kuweka chini ya kitanda.

Jumapili ile binti aliandika: “Tulimhudumia mama aliyevuja damu na hali yake ikawa nzuri. Nimejifunza umuhimu wa ushirikiano kazini.”

Maswali mawili ya kalamu nyekundu

Daftari lilirudi bila alama. Chini ya ukurasa mwalimu wake alikuwa ameandika maswali mawili tu: “Nani aliiona damu kwanza? Ilikuwa saa ngapi?”

Alikwenda ofisini akiwa na maneno ya kujitetea. Alifika mlangoni, akasema “Shikamoo madamu,” na maneno yote yakaishia hapo, akaanza kulia. Mwalimu alimwacha alie. Kisha akamwambia aende kuandika upya, na akaongeza jambo moja: “Huu ukurasa sitauwekea alama. Na uandike kwa lugha unayoiota.”

Usiku ule aliandika kwa Kiswahili, na hakutumia dakika 20. Alikaa hadi mwenzake wa kitanda cha juu akaomba taa izimwe. Alipofika kwenye swali la pili, lile la hisia, aliandika sentensi ambayo alikuwa akiikwepa wiki nzima: “Niliogopa kufokewa kuliko nilivyoiogopa ile damu.”

Baada ya sentensi hiyo mengine yalikuja. Kwa nini alibadilisha kanga badala ya kuita? Kwa sababu kubadilisha kanga kulimfanya aonekane anafanya kazi. Kwa nini hakubonyeza tumbo? Kwa sababu darasani alilifanya kwenye sanamu, na kwa mtu aliye hai alihofia kumuumiza. Sista alikosea kumfokea? Ndiyo, akaliandika hilo pia. Lakini sista alikuwa peke yake na hakujua kwamba kuna kanga mbili chini ya kitanda. Aliyejua ni mtu mmoja.

Swali la mwisho, lile la siku nyingine, awali alizoea kulijibu kwa kuahidi kwamba atajitahidi. Safari hii aliandika mambo ya kufanya kwa mikono: kila dakika 15 ndani ya saa mbili za kwanza, bonyeza tumbo, angalia damu, pima mapigo ya moyo, andika. Usitupe wala kufunika kilicholowa, kionyeshe. Na ukiita, usiombe ruhusa. Akaiandika sentensi yenyewe ya kuita: “Sista, mzazi wa kitanda cha nne anavuja damu, njoo sasa.” Akaenda bafuni kuifanyia mazoezi mbele ya kioo, kwa sauti, mpaka ikaacha kutetemeka.

Mama na daftari la madeni

Likizo ilipofika alirudi Mbagala, ambako mama yake ana genge la nyanya, vitunguu na dagaa. Siku ya pili mama alipekua begi akitafuta sare za kufua, akakutana na daftari. Lingekuwa la Kiingereza angeliweka pembeni. Ukurasa ule ulikuwa wa Kiswahili.

Hakusema kitu mchana kutwa. Jioni, walipokuwa wakichambua mchele, aliuliza bila kuinua macho.

“Mwanangu, huyu mama wa watu alipona?”

“Umesoma daftari langu?”

“Nimesoma. Alipona?”

“Alipona, mama.”

“Ni nani? Anakaa wapi?”

“Siruhusiwi kusema. Ndiyo maana humo sikuandika jina lake wala la hospitali.”

Mama alinyamaza, akatoa kokoto, akaitupa. Kilichomsumbua kilikuwa kingine. Amelipa ada kwa kuchanga vikoba na kuuza nyanya kwa fungu. Leo anakuta mtoto wake ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba nusura mtu afe, na karatasi kaipeleka kwa mwalimu. “Hamuogopi kufukuzwa?” aliuliza.

Binti alimweleza kwamba aliogopa, na kwamba wenzake wengi bado wanaogopa, ndiyo maana wanaandika uongo mzuri. Wengine wananakili shajara za waliowatangulia. Siku hizi wapo wanaoiagiza akili mnemba kwenye simu iwaandikie, nayo inaandika majuto mazuri sana kuhusu wodi ambayo haijawahi kuikanyaga. Wanapata alama. Lakini kanga zao bado ziko chini ya vitanda.

Mama aliinuka, akarudi na daftari lake la genge, lile lenye jalada lililochakaa. Alimwonyesha kurasa mbili: upande mmoja anaowadai, upande mwingine wanaomdai. “Huku wanaonidai ndiko nisikopenda kuandika,” alisema. “Lakini nisipoandika, nitajiona tajiri mpaka siku watakapokuja mlangoni. Mficha uchi hazai, mwanangu. Andika.”

Kuandika kunauma kwanza

Mwaka 1986 wanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walichapisha utafiti wa wanafunzi wa chuo walioandika kwa dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo. Walioandika jambo lililowaumiza pamoja na hisia zao walijisikia vibaya zaidi mara tu baada ya kuweka kalamu chini. Lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kutibiwa kwenye kituo cha afya cha chuo mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida.

Haina maana kwamba daftari ni dawa ya kila kitu. Mwanafunzi anayekosa usingizi wiki nzima, anayeona tukio lilelile kila akifumba macho au asiyetaka kurudi wodini anahitaji mtu wa kuzungumza naye: mshauri wa chuo, mwalimu anayemwamini, mzazi. Na shajara ya wodini ina mipaka yake. Jina la mgonjwa halimo, picha yake haimo, wala haitumwi kwenye kundi la WhatsApp.

Lakini jambo moja liko mikononi mwa walimu na wazazi. Mtoto huandika ukweli pale anapoamini kwamba ukweli hautatumika kumwadhibu. Swali la “umefanya nini tena?” na swali la “ilikuwaje?” hayaleti jibu moja, iwe ofisini kwa mwalimu au jikoni nyumbani.

Muhula uliofuata binti alirudishwa wodi ya wazazi, hospitali nyingine. Usiku mmoja alibonyeza tumbo, akahisi limelegea, akaona pedi imelowa haraka, akaita kama alivyojifunza mbele ya kioo. Sista wa zamu alikuja mbio, akapima, akakuta kibofu cha mkojo kimejaa. Mama alisaidiwa kukojoa, mfuko wa uzazi ukakaza, basi. Sista aliondoka akiguna kwamba wanafunzi wa siku hizi wana kelele.

Shajara ya wiki ile ilikuwa fupi kuliko zote: “Nimefokewa. Mzazi yuko salama. Nitaita tena.”